Gredi ya Pili Porini Bour-Algi

Anayeingia Garissa kwa barabara ya Nairobi huuona msitu kabla hajauona mji. Ukishaipita Mwingi ni vichaka vya kijivu na vumbi jekundu mwendo wa saa nzima na zaidi, kisha unapofika Madogo ukanda wa kijani unakukatizia njia: miembe, migomba, mikoma, na nyuma yake Mto Tana wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Unavuka daraja, unaonyesha kitambulisho, na ng'ambo ya pili unapokewa na korongo wenye vipara waliojipanga juu ya migunga ya mjini wakisubiri takataka. Msitu umeishia hapo. Kuanzia hapo hadi mpaka wa Somalia ni nchi ya miti iliyotawanyika, mifupi, yenye miiba, na mgeni akiitazama kutoka dirishani mwa basi husema hakuna kitu.

Watoto niliofuatana nao wana kitu cha kusema juu ya hilo. Walikuwa wa Gredi ya 2, miaka saba na minane, kutoka shule moja ya mjini ambayo mwalimu wao aliniomba nisiitaje. Basi liliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu Garissa haina mzaha na jua: ikifika saa nne hata mbuzi wanatafuta pa kujificha. Tulielekea kusini, mwendo mfupi tu, hadi hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, ambayo wenyeji waliianzisha katikati ya miaka ya 1990 ili kuwalinda twiga waliokuwa wakiwindwa na kujeruhiwa. Huko mtu hutembea kwa miguu. Hakuna simba wa kuogopa, na twiga wamezoea watu.

Pale langoni alitungoja mzee mmoja, kikoi kiunoni, ndevu zimepakwa hina, mkononi ameshika hangool, ile fimbo ya wafugaji ambayo ncha moja ina panda na nyingine ina ndoano. Watoto walimwita awowe, yaani babu, bila kuambiwa na mtu. Mwalimu alimwita adeer, yaani ami. Mzee aliwakagua viatu kwanza. Waliovaa ndara, na ni wengi, aliwaweka nyuma yake wakanyage anapokanyaga yeye, maana mwiba wa mgunga hupenya soli ya ndara bila kupiga hodi. Halafu akawaonyesha kazi ya hangool: panda ya kusukumia tawi la miiba, ndoano ya kulivutia. Kila boma la mifugo katika nchi hii limejengwa hivyo, mkono haugusi mwiba.

Somo kwenye ratiba linaitwa Shughuli za Mazingira. Lilikuja na mtaala wa umilisi, ule ulioanza kufundishwa nchi nzima Januari 2019 kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, na kwenye karatasi ni somo zuri: mtoto aguse, anuse, achunguze. Katika shule nyingi nilizoziona, za huku na za kwingine, linaishia kwenye karatasi ya manila. Mti unachorwa, shina linatiwa rangi ya kahawia, majani kijani, mshale unaandikwa "mizizi". Nje ya dirisha upo mgunga wa kweli, na jani lake si la umbo lile, wala shina lake si la kahawia.

Tulianza na mchanga. Mzee alichuchumaa akauliza kwa Kisomali ni nani amepita hapa usiku. Kimya. Mmoja akasema mbuzi. Ndipo mvulana aliyekuwa kimya tangu ndani ya basi alipoinama, akapima kwa vidole viwili, akasema ni sakaaro, yaani digidigi, na walikuwa wawili, na mmoja alikimbia. Mzee akamwomba aonyeshe walikoelekea. Tukamfuata mtoto. Hatukwenda mbali kabla hatujafika kwenye choo cha digidigi, kwani wanyama hawa hurudi kujisaidia mahali pale pale siku zote, na kelele iliyotokea hapo sijawahi kuisikia katika darasa lolote la Sayansi.

Mwalimu alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini kwamba familia ya mvulana yule ilikuwa ya wafugaji hadi ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo. Ng'ombe waliisha, wakahamia pembezoni mwa mji. Darasani bado anahangaika na herufi. "Nimemwandikia 'anakaribia matarajio'," alisema, kisha akacheka kidogo, cheko la mtu asiyefurahi. "Sijui matarajio ya nani."

Mwalimu mwenyewe ni mzaliwa wa mjini. Alikuwa na daftari na kila mti uliotajwa aliuandika, Kisomali upande mmoja, Kiswahili upande wa pili pale kilipopatikana. Qurac, mgunga wenye umbo la mwavuli, ambao maganda yake hutikiswa kwa fimbo ndefu ili mbuzi wale. Adhey, mswaki, na watoto wote waliujua kutoka mdomoni ila wengi hawakuwahi kuona unakotoka. Mzee alichimba kidogo mzizi, akakata, akagawa. Gob, mkunazi. Tulipofika kwenye garas, mti wa kivuli kizito usiopoteza majani hata wakati wa kiangazi, mzee aliwaketisha. Akawaeleza kwamba mbegu zake ni chakula cha njaa: huchemshwa muda mrefu, maji yamwagwe, zichemshwe tena, na mtu asiyejua kuzipika zitamuumiza tumbo. Msichana mmoja akauliza zina ladha gani. Mzee akafikiri. "Ukizila," akasema, "huulizi ladha."

Kisha akawapeleka kwenye mgunga mwingine uliokuwa umetoa utomvu. Kilichofuata ndicho kilichowashangaza watoto kuliko vyote vya asubuhi hiyo. Wote huenda duksi kusoma Kurani, na baadhi yao bado wanaandika kwenye loox, ubao wa mbao, kwa wino mweusi unaouzwa au unaotengenezwa na maalimu. Hawakujua wino huo ni nini. Mzee alitoa vipande vya makaa kutoka mfukoni, wakavisaga juu ya jiwe, wakachanganya na utomvu na maji kidogo ya chupa, na kwa vijiti vilivyochongwa ncha wakaandika majina yao kwenye vipande vya katoni ambavyo mwalimu alikuwa amevibeba. Mvulana wa nyayo aliandika jina lake lote. Herufi moja ilitazama upande usio wake. Mwalimu aliitazama, akaiacha.

Baada ya hapo waliachiwa wacheze, na mimi nasema hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe. Wavulana watatu walichimba vishimo wakaanza shax kwa kokoto na vijiti. Kundi jingine lilicheza gariir, ule mchezo wa kurusha kokoto na kuzidaka ambao kwingine Waswahili huuita mdako. Wasichana saba, bila kushauriana na mtu mzima yeyote, walianza kukusanya fito. Walikuwa wanajenga aqal. Nyumba ile ya wahamaji ni kazi ya wanawake tangu mwanzo hadi mwisho: wao ndio wanaokunja fito, wanaosuka mikeka ya kufunika, wanaoibomoa na kuipakia mgongoni mwa ngamia familia inapohama. Wasichana hawa wanaishi katika nyumba za mawe na mabati huko Bulla Iftin na kwingineko, lakini kila mmoja alikuwa na nyanya. Fito zilikataa kukunjika. Mmoja akakumbuka kwamba nyanya yake hutumia mizizi wala si matawi. Wakatafuta fito mbichi, nyembamba, wakazichomeka mchangani, wakazifunga juu kwa magome. Hijabu mbili zilinaswa na miiba zikachanika. Nikadhani patakuwa na kilio, lakini kipande kilichochanika kikawa kamba. Ilipoanguka mara ya kwanza walilaumiana, ilipoanguka tena wakacheka, kisha ikasimama, na walipobanana humo ndani wote saba hakuna aliyetaka kutoka.

Huko Denmark wamekuwa wakipeleka watoto wadogo msituni tangu miaka ya 1950. Mwaka 1993 walimu wa chuo cha Bridgwater huko Uingereza walikwenda kuyaona hayo, wakarudi wakaanzisha ya kwao, na leo wazazi wa huko hulipa pesa nzuri ili mtoto anyeshewe na ajenge kibanda cha matawi. Sina ugomvi nao. Ila ikitokea siku mfadhili akaja Garissa na mradi wa "shule ya msituni", na hema, na vikoti vya kung'aa, naomba kwanza aonyeshwe wale wasichana saba.

Kusomea nje si jambo geni kwa mkoa huu. Maktaba ya taifa imekuwa ikipeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa tangu 1996, ilipoanza na ngamia 3. Hema husimamishwa, mikeka hutandikwa chini ya mgunga, watoto husoma. Zipo shule za kuhamahama ambazo mwalimu hufuata mifugo, na sheria ya elimu ya 2013 iliunda baraza zima la kitaifa la elimu ya wahamaji. Lakini tazama mwelekeo wa hayo yote: kitabu kinakwenda porini kumfuata mtoto. Sijaona utaratibu unaokwenda upande wa pili, unaolileta pori ndani ya ripoti ya shule na kulipa alama. Mtoto wa miaka sita aliyekabidhiwa wana-mbuzi, akawachunga na kuwarudisha wote jioni, amehesabu, amesoma dalili, amekariri majina ya miti arobaini. Anapoandikishwa shule anaandikwa kuwa hajui kitu.

Sababu nyingine inayowafungia watoto ndani ya ukuta haichekeshi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, katika kaunti hii hii, na walimu wengi waliotoka nje ya mkoa wakahamishwa. Mwalimu mkuu anayesita kutia sahihi barua ya kuwatoa watoto nje ya lango simlaumu. Safari hii ilimchukua mwalimu wa Gredi ya 2 barua kadhaa, na simu kwa wazazi mmoja mmoja.

Twiga walikuja. Nilikuwa nimewasahau. Walitokea watano kati ya migunga, wale wenye mraba mraba wa kahawia uliochorwa mistari myeupe, twiga ambao tangu 2018 wamo katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka. Watoto walisimama, wakanyamaza kiasi cha dakika moja. Mmoja akataka kujua kwa nini mnyama mkubwa vile ana kinyesi kidogo kama cha mbuzi, na mzee akajibu kwamba nchi kavu haimpi mnyama maji ya kupoteza, na wamtazame ngamia. Msichana mwingine akauliza kama yupo mweupe. Alisikia habari za wale wa hifadhi ya Ishaqbini, kusini zaidi katika kaunti hii, ambako twiga jike mweupe na mwanawe waliuawa na majangili, na habari ikatangazwa Machi 2020. Mzee alisema hapa hayupo. Wasichana wakarudi kwenye aqal yao. Mtalii angebaki na kamera saa nzima.

Njia ya kurudi kwenye basi ilipita karibu na kichaka cha mathenge. Mzee alikipiga kwa hangool kwa chuki ya wazi. Mti huo uliletwa kutoka Amerika, ukapandwa katika maeneo haya ya Tana miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, nao ukaamua kuzuia kila kitu: malisho, njia za maji, hata meno ya mbuzi. Kule Baringo wenyeji walifika hadi mahakamani na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Watoto walitaka kujua jina lake kwa Kisomali. Mzee alisema mti huu hakuupewa na babu yake.

Saa nne kasorobo tulikuwa barabarani. Wengi walisinzia. Mwalimu alikuwa akihesabu miti kwenye daftari, akaniambia ni kumi na minane, na kwamba yeye alikuwa akiijua mitano. Nilimuuliza mzee analipwa kiasi gani kwa asubuhi kama ile. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kipuuzi. Nauli tu, na ametoa yeye mfukoni.

Walimu wakuu wa Garissa, na ninyi wa ofisi ya elimu ya kaunti: mtengeeni mzee wa namna hii posho katika bajeti ya Shughuli za Mazingira, kama mnavyoitengea manila na rangi. Na mzazi utakayeombwa ruhusa, itoe, umvishe mtoto viatu vya kufunika vidole, umpe maji lita moja, na basi liondoke kabla ya saa moja.