Nilimfuata mume Mpanda, nikanogewa na migebuka

Hapa Dar mtu akikwambia mumewe kahamishiwa Mpanda, watu wanafanya mambo mawili. Kwanza wanacheka. Halafu wanakupa pole kama umefiwa. Mimi nilipata vyote viwili, tena ofisini, siku ile ile barua ya uhamisho ilipotoka. Shosti wangu mmoja akanishika bega: "Sasa huko atakula nini?"

Swali hilo nililibeba hadi Mpanda. Mwaka 2024 nilikwenda mara nne, na kila safari nilirudi na ladha yake mdomoni. Leo nakupakulia zote, kwa hiyo kaa mkao wa kula. Ila nakutahadharisha, katikati ya sahani kuna ugomvi wa mke na mume.

Machi: begi la makosa

Safari ya kwanza nilikwenda kwa treni. Ukitoka Dar unakwenda hadi Tabora, unafika Kaliua, halafu unashika tawi la reli linaloshuka Mpanda. Tawi hili lilijengwa na mkoloni mwishoni mwa miaka ya 1940, akifuata madini ya risasi. Madini ya risasi hayana tena jina, lakini reli ipo, na madirishani ndiyo kwenye sherehe. Karanga, mahindi, kuku, asali kwenye chupa za maji... unanyoosha mkono tu. Tulipovuka Mto Ugalla nilikuwa nimeshiba ile mbaya.

Tatizo lilikuwa begi langu. Nilijaza tambi, nyama za kopo, jamu, na nikapachika mchele wa Kyela kilo 10. Mume wangu alilifungua nikiwa naoga. Nilipotoka nikamkuta amekaa kitandani, mfuko wa mchele mapajani.

"Mama Nuru, umeleta mchele Mpanda?"

Alicheka, na mimi nikacheka. Halafu yeye akanyamaza, mimi bado nacheka. "Kwa hiyo miezi yote hii ulidhani nakula nini?"

Yaani sikujua kwamba Mpanda na bonde zima la Mto Katuma, Mwamkulu na Kakese hadi Mpimbwe, wanalima mpunga wa kutosha na kuuza nje ya mkoa. Nilikuwa nimeolewa na mtu anayeishi mahali ambapo sikuwahi hata kumuuliza amekula nini mchana.

Jioni ile mama mwenye nyumba akatuletea bakuli la uyoga wa porini uliopikwa kwa karanga. Mimi nikaogopa sumu. Nikasema mbele ya mume wangu, kwa sauti ambayo nadhani mama aliisikia mlangoni, "Mimi hivyo vitu sili." Mume wangu akala peke yake, bakuli zima, bila kuniangalia. Tukalala tumepeana migongo.

Asubuhi nikaenda kuomba radhi. Mama hakununa. Aliniketisha kwenye kigoda akaniambia, "Binti yangu, kuogopa uyoga ni akili. Usiyemjua ni mpishi, si uyoga." Akanionyesha beseni lake. Kila aina ina jina lake, kila aina ina mti wake. Na hili si la kienyeji tu, hata wataalamu wanalijua. Aina nyingi za uyoga wa miombo huishi kwa kushikana na mizizi ya miti ile. Mti unalisha uyoga, uyoga unasaidia mti kunyonya maji na virutubisho. Ukikata miyombo kwa mkaa au kwa kukausha tumbaku, na uyoga unaondoka. Nikala siku ile. Nyama yake laini kama maini, mchuzi mzito wa karanga, ugali wa moto. Babu kubwa!

Julai: asali, na ziwa lililofungwa

Mara ya pili nilipita Tabora kwa basi. Barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda, zaidi ya kilomita 340, ilifunguliwa rasmi 2022, na imebadilisha kila kitu. Unapita katikati ya misitu ya miombo hadi Inyonga, Wilaya ya Mlele, ambako Wakonongo na asali hawatenganishwi.

Juu ya miti utaona mizinga ya magome, mirefu kama magogo. Mfugaji wa zamani alivua gome la mti, akalikunja, akaziba ncha na kulitundika. Ubaya wake ni kwamba mti uliovuliwa gome hufa, ndiyo maana siku hizi wanahimizwa mizinga ya mbao. Asali yenyewe ni nyekundu ya kukolea, na ina kaharufu ka moshi. Lakini kama una bahati, ulizia asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Ni nyepesi kama maji, ina uchachu fulani kama ndimu, na inapatikana kiduchu kwa hiyo bei imechangamka. Nilinunua kichupa kimoja. Hatukuipaka kwenye mkate. Tuliilamba kwa kijiko, zamu kwa zamu, umeme umekatika, tunasikiliza vyura. Sijawahi kula dessati ya hoteli ikanipa usiku kama ule!

Nilikuwa nimejipanga kwa samaki. Kesho yake nikamwambia mume wangu anipeleke sokoni nikanunue migebuka wabichi. Akacheka tena, safari hii kwa upole. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Congo na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Kwa mwambao mzima miezi ile haikuwa mchezo. Mvuvi hana kazi, mchuuzi hana beseni.

Basi mfanyakazi mwenzake akatualika kwao Katumba. "Shemeji, kama samaki hakuna, njoo ule sombe." Katumba na Mishamo ni makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walipewa misitu, wakaifanya mashamba. Mwaka 2014 serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya aina hii, hapa Katavi na kule Ulyankulu, Tabora. Kwa hiyo tuliyemtembelea ni Mtanzania mwenzetu kabisa, ila jiko la mama yake linakumbuka.

Sombe ni kisamvu, lakini usikifikirie kile cha nazi cha Pwani. Kinatwangwa hadi kinakuwa laini kabisa, kinachemshwa muda mrefu, kinatiwa mawese mekundu. Pembeni maharage, na ugali wa muhogo unaovutika. Mama wa nyumba alipakua sinia moja kwa wanaume na wanawake wa familia, akasema, "Mke na mume msigombanie tonge, mtaliacha kwa wageni." Mikono yetu ilikutana sahanini. Nikakumbuka kuwa Dar tunakula kila mtu na saa yake, yeye ofisini, mimi kwenye gari nikiwa nimekwama kwenye foleni. Lini mara ya mwisho tulichovya bakuli moja? Sikupata jibu.

Oktoba: viboko, wali na migebuka

Oktoba ni joto, vumbi, na kila kitu kimekauka. Tulikwenda Sitalike, mwendo mfupi kusini mwa Mpanda, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hii ilianzishwa 1974, ikaongezwa 1998, na sasa ina kilomita za mraba 4,471. Wazungu wanalipa mamilioni kufika, na sisi tunasimama karibu na daraja tu tunawaona viboko wamebanana kwenye tope la Mto Katuma kama abiria wa daladala saa 12 jioni. Wanakoroma, wanang'atana, wengine migongo imepasuka kwa jua.

Mchana tukala wali kwa nyama ya mbuzi kwenye kibanda, na maziwa mgando ya wafugaji wa Kisukuma, mazito ya kukatwa kwa kijiko. Wali ulinukia hadi nje. Mume wangu akaniambia taratibu, "Huu wali na wale viboko wanakunywa mto mmoja." Kweli kabisa. Maji ya Katuma yanachepushwa juu kwenda majaruba ya mpunga, na kiangazi mto unafika hifadhini umechoka. Sikuacha kula, nisikudanganye. Ila toka siku ile sijaweza kuusifia wali wa Katavi bila kuukumbuka ule mgongo uliopasuka. Mkulima naye ana watoto wa kusomesha. Hili si jambo la kumlaumu mmoja, ni jambo la kugawana maji kwa akili.

Kesho yake tukaelekea Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kilomita zaidi ya 100 na vumbi la kutosha. Karema si kijiji cha juzi. Wabelgiji walijenga ngome hapa 1879, na 1885 wakawaachia wamisionari wa White Fathers. Hapa ndipo alipofanya kazi Adrien Atiman, mtoto aliyeuzwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari, akafika Karema 1889 na kutibu watu hadi alipofariki 1956. Leo kuna bandari mpya inayotazama Kalemie, ng'ambo ya Congo.

Ziwa lilikuwa limefunguliwa. Usiku taa za wavuvi zilijipanga majini kama mji mwingine. Dagaa na migebuka hufuata mwanga, ndiyo maana kazi hufanyika usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika. Alfajiri mitumbwi ikaingia. Mama mmoja wa pale ufukweni akatuchagulia migebuka wanne, wembamba, wanang'aa kama visu. Samaki huyu hapatikani ziwa lingine lolote duniani.

Hakuna mapishi ya kujionyesha. Chumvi, ndimu, makaa. Mafuta yake yenyewe yanadondoka na kuwasha moto. Ngozi inakauka, ndani nyama inabaki laini na tamu. Tukala kwa mikono, kwa ugali wa muhogo na pilipili, tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilimaliza wawili peke yangu!

Nikamuuliza yule mama, ile miezi mitatu ya kufungwa aliishi vipi. Akasema aliuza mihogo, akakopa, akamtoa mtoto mmoja bweni. "Lakini angalia," akanyanyua samaki mmoja kwa mkia, "hawa wamenenepa." Wote wawili tukanyamaza. Migebuka ile ilikuwa tamu, na kulikuwa na mtu aliyeilipia kabla yetu.

Njiani kurudi mume wangu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa simu. Miezi ya kwanza Mpanda alikuwa anakula chipsi mayai kila usiku, amesimama, kwa sababu kukaa mezani peke yake kulimuuma. Mimi kila nikipiga simu nilikuwa namuuliza mshahara umeingia?

Desemba: wanzuki na maembe

Desemba mvua zimeanza, na maembe yamejaa hadi yanaoza barabarani. Mama mwenye nyumba akanikaribisha kwa togwa, baridi, tamu ya kimea. Siku ya pili tukaonjeshwa wanzuki, pombe ya asali. Asali inachanganywa na maji, inatiwa chachu, inaachwa siku chache ichemke yenyewe. Ukionja unadhani ni juisi. Usidanganyike! Nilikunywa nusu kikombe nikaanza kuimba nyimbo za harusi yetu.

Usiku ule ndipo tuliongea. Maombi yake ya kurudi Dar hayakuwa yamejibiwa. Zamani ningelia. Sasa nilimuuliza tu, "Kesho tunakula nini?" Akasema mama ameahidi uyoga wa kwanza wa msimu. Basi nikaongeza likizo kwa wiki moja.

Sitakudanganya kwamba chakula kimetibu ndoa. Umbali bado ni umbali, na nauli ni nauli. Lakini sasa kila usiku, saa 2, tunapigiana simu kila mtu akiwa na sahani yake mbele, na swali la kwanza ni amekula nini. Mshahara tunauulizia baadaye.

Ukienda na mwenzi wako

Nenda Desemba hadi Machi kama unataka uyoga na maembe, na kiangazi, Agosti hadi Oktoba, kama unataka wanyama. Uyoga usichume mwenyewe, nunua kwa wanaoujua. Kabla ya kufuata migebuka wabichi Karema au Ikola, ulizia kama ziwa liko wazi. Asali onja kabla ya kulipa, na wanzuki usinywe kama unaendesha.

Na mchele, tafadhali, uache nyumbani.