Mistari Mitatu ya Mgeni

Lipo suali ambalo mtu wa umri wangu, aliyejifunza utunzi bila ya mwalimu, hulikuta kila anapofungua mkoba wake wa karatasi: "Na zako mwenyewe ni zipi?" Muulizaji huwa ameshaziona tarjuma, ameziona beti za kujibizana na takhmisi, na sasa anatafuta kilichobaki.

Mwaka huu suali hilo limenigusa zaidi, kwani nimelisikia kwa kijana wa hapa Wete akijiuliza mwenyewe. Kwa miaka miwili amekuwa akiandika visa vipya vya Bwana Msa katika madaftari ya skuli. Amemvusha bahari kutoka Unguja na kumtembeza katika mashamba ya mikarafuu. Wenziwe wamemwambia kuwa huo ni wizi. "Ami," alinambia, "nataka kuyatia moto."

Nilimuuliza kama anajua Bwana Msa naye katoka wapi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alivipenda visa vya Sherlock Holmes vilivyotungwa na Arthur Conan Doyle. Mapenzi hayo yakamzaa mpelelezi mwenye kiko mdomoni na akili ya kupambanua mambo, na Najum akakaa pale alipokuwa amekaa Watson. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957/58, na mwaka 1960 ikatoka kitabu. Lakini mzimu unaoogopwa, nasaba zinazofichwa na maneno yanayonong'onwa barazani si vitu vya London. Abdulla alichukua ramani ya nyumba ya mwenziwe, kisha akajenga kwa mawe ya kwao.

Ipo njia ya pili, nayo ndiyo niliyopita mimi. Wazee wetu waliiita takhmisi. Mtunzi huchukua mistari miwili ya mwenziwe, akaitangulizia mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Mitatu hiyo hufuata mizani na vina vya mwenye shairi, na maana yake humfikisha msikilizaji mlangoni pa ile miwili bila ya kujikwaa. Neno la mwenyewe haliguswi. Mashuhuri kupita zote ni Takhmisi ya Liyongo, yenye mizani 15 katika kila mstari, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi. Edward Steere alipoichapisha London mwaka 1870, maneno ya Liyongo yaliwafikia wasomaji yakiwa yamebebwa na mgeni wake.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifunza kusoma. Siandiki chochote juu ya shairi ambalo bado natazama karatasi ili kulisema. Hulinakili kwa mkono wangu, kisha hulighani baada ya sala ya alfajiri, siku baada ya siku, mpaka nijue wapi mtunzi alivuta pumzi na neno gani alilichagua akaliacha jengine. Hapo tena ndipo ninapouliza: ni jambo gani lilimfanya aseme hivi? Mstari wangu wa kwanza hutoka katika suali hilo. Ubeti mmoja waweza kunichukua wiki nzima, kwa sababu mwisho wake umeshawekwa na mtu mwengine, nami sina ruhusa ya kufika mahali pasipokuwa pale. Ukiona vyaelea, vimeundwa; na asiyewahi kukaa ndani ya jahazi la fundi hajui mbao zake zimeunganishwa vipi.

Kisiwa hiki kinaelewa jambo hilo. Kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutoka mwaka 2011, kinawataja Kamange na Sarahani pamoja katika jina lake. Kabla ya kufika kitabuni, tungo za namna hiyo hukaa vifuani na katika karatasi za watu walionakili kwa mapenzi. Msomaji anayesoma akanyamaza huliacha shairi mikononi mwa mchwa. Anayelijibu hulazimika kulihifadhi, kwani jibu halina maana bila ya suali lake.

Basi nilimwambia kijana ayaweke madaftari yake, aandike jina la Muhammed Said Abdulla katika ukurasa wa kwanza, na asimfanye Bwana Msa atende jambo ambalo Bwana Msa tunayemjua asingelitenda. Mengine yote ni yake: njia za Wete, harufu ya karafuu juani, na siri za watu anaowafahamu yeye.

Na wanaoniuliza zangu ni zipi, huwahesabia: katika kila mistari mitano, mitatu. Sijapata kuona kuwa ni haba.