Milimita Zinazobaki

Tukuyu, Rungwe
14 Juni 2025

Mwanangu,



Picha ya kinga ya meno unayovaa ulingoni nimeiona. Unaisifu kwa sababu pakiti imeandikwa milimita 4. Hizo ni za plastiki kabla haijaona moto. Ukiitia kwenye maji ya moto kisha ukaing'ata kwa nguvu, magego yanaikamua na hapo panabaki pembamba. Ing'ate taratibu, inyonye, ikandamize kwa ulimi na vidole, halafu itumbukize kwenye maji baridi.

Bora zaidi ni ya kutengenezewa. Hapa kazini kwetu tunachukua alama ya meno yako, tunamimina plasta tupate sanamu yake, kisha tunapasha bamba la plastiki mpaka lilegee na kulivutia juu ya sanamu. Hapo ndipo linapokonda: bamba la milimita 4 laweza kubaki 2 tu mbele ya meno ya juu, pale pale ngumi inapotua. Sanamu ikiwa ndefu, plastiki inavutika zaidi. Ndiyo maana huwa naisaga kitako iwe fupi.

Mashine ya kulivutia bamba nayo ina mambo yake. Ile ya kunyonya hewa inategemea uzito wa hewa ya nje kuikandamiza plastiki, na Tukuyu, juu ya mita 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban moja ya sita. Ile ya kusukuma hewa kwa mgandamizo haijali mlima. Inailaza plastiki kwenye kila mwanya wa jino, tena inaunganisha mabamba mawili, unene uliopotea ukarudi. Lakini kwa mashine yoyote, kinga ikibanduliwa kabla haijapoa inajikunjua, na baada ya muda inapwaya mdomoni.

Kwa hiyo usisome pakiti. Azima kalipa kwa fundi yeyote hapo mtaani, upime mwenyewe: mbele isipungue milimita 3, kwenye magego 2. Ikipungua niambie, nitakutumia hela ukatengenezewe nyingine. Na usiiache juani kwenye dashibodi ya daladala.

Kinga hailindi kichwa, mwanangu. Mikono juu.

Shangazi yako