Sapu ya ruta, na Ipyana niliyoisahau

Wadau, nimeadimika, najua. Nipo nyumbani Ipyana, Kyela, likizo ndefu. Ila likizo gani ya mtu mwenye sapu? Septemba narudi chuo kuirudia, na wapo walioanza na sapu moja hivi hivi wakaishia kudisko.

Somo lenyewe ni mitandao ya kompyuta (ndiyo, nasomea ualimu, msicheke). Tulipewa ruta ya Cisco ya zamani tupange fremu rilei. Teknolojia imezeeka, lakini inaonyesha wazi jinsi mwendo wa data unavyopimwa. Waya ni mmoja, ndani yake zinapita njia kadhaa za kufikirika, yaani sakiti pepe, kila moja na namba yake na mwendo wake ulioahidiwa. Tukaambiwa tubuni matawi mawili. La kwanza nikaliita Mbeya, biti 256,000 kwa sekunde. La pili, kwa mapenzi ya kwetu, nikaliita Ipyana, biti 128,000.

Sasa, ruta haisubiri sekunde nzima iishe ndipo ihesabu. Inaikata vipande. Sisi tulipewa vipande vya milisekunde 125, viko nane kwenye sekunde. Kwa hiyo kila kipande Mbeya ina mgao wa biti 32,000, Ipyana 16,000. Mgao ukiisha, data inasubiri kipande kinachofuata. Ni kama ndoo yetu hapa uani chini ya bomba linalotoka chirichiri: ukishachota yote unangoja, hata uwe na haraka vipi.

Hesabu niliziweza zote. Nikawasha upimaji kwenye mlango wa ruta, nikaiandikia Mbeya kanuni zake, nikajaribu, faili likapita safi. Kwa kiherehere nikamwita mwalimu. Yeye akajaribu Ipyana. Kobe!

Nilikuwa sijaibandikia kanuni zake. Na mtego uko hapo: ukishawasha upimaji mlangoni, sakiti ambayo hujaiandikia kitu haibaki huru. Ruta inaipa mwendo wake yenyewe wa kawaida, biti 56,000. Hakuna onyo, hakuna taa nyekundu. Tawi linafanya kazi, ila chini ya nusu ya haki yake, na wewe umekaa Mbeya unashangilia.

"Mwalimu mtarajiwa, umesahau kwenu," akasema. Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, kijinga tu.

Kazi ilikuwa kumwambia mama. Bumu liliisha zamani, nauli ya Septemba itatoka kwenye kokoa yake. Nilizunguka siku tatu. Jana usiku, anachambua mchele, nikamwaga yote, pamoja na ndoo mbili za kumwelewesha. Alinyamaza mpaka nikajuta.

"Hiyo ndoo ya pili, nani alitakiwa kuikinga?"

"Mimi, mama."

"Sasa mwanangu, ukirudi huko huwezi kuanza na hiyo?"

Akaendelea na mchele wake. Hakusema kitu kuhusu nauli, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Hapa sina ruta, nina daftari. Leo nimeandika amri zote kwa mkono mara nne, kuanzia Ipyana. Mara ya tatu nilikosea namba ya sakiti. Simu inaishiwa chaji, wadau, na umeme wenyewe ndiyo huo umekatika.