Kata au Kunja Ndani

Fundi wangu wa cherehani hapa Mbalizi ni kijana mpole ambaye huongea na pini mdomoni. Siku hiyo nilimpelekea magauni mawili ya kitenge na sare ya kwaya, zote zikinipwaya kama nguo za kuazima. Akanizungushia futi kiunoni, akaandika kwenye daftari, kisha akazitoa pini mdomoni.

"Mama, nikate au nikunje ndani?"

Nikamuuliza kuna tofauti gani.

"Nikikunja, ukinenepa tena tunafumua, nguo inarudi. Nikikata, ndiyo basi."

Nilinyamaza mpaka akadhani nimekasirika. Kwa miezi kumi na minne nilikuwa nimetoa kilo 37 mwilini mwangu. Kupungua niliweza. Nisimame wapi, hilo sikuwahi kujiuliza. Nikazikusanya nguo zangu, nikamwambia nitarudi.

Mimi nauza viazi, kwa hiyo uzito ndio kazi yangu. Viazi vinashuka kutoka Umalila, upande wa Ilembo na Isuto, tunavipanga hapa, kisha vinapanda malori ya Dar es Salaam au Tunduma. Anayejua viazi anaijua lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kichwa juu kwa kamba, mpaka gunia la kilo 100 linabeba 130 na zaidi. Sheria ya Vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanakamata, na bado lumbesa ipo, maana kwa macho inapendeza. Wanaoumia ni mkulima anayelipwa gunia moja na kijana anayelibeba mgongoni. Kwenye genge langu tuliacha. Tunapima, na mizani ikifika panapotakiwa nasema neno moja tu, "Shona," na kijana mwenye sindano ya magunia anafunga mdomo.

Ajabu ni kwamba mwili wangu wenyewe ulikuwa lumbesa, na uliwapendeza watu. Waliniita mama mwenye nyumba yake. Mume wangu alisifiwa kwamba anajua kutunza. Ikawa hivyo mpaka asubuhi moja nikihesabu magunia nikaona giza, nikakaa juu ya ndoo bila kujua nimekaaje. Hospitalini wakasoma: presha 160 kwa 100, uzito kilo 98, urefu sentimita 160. Daktari akaniandikia dawa, akaniambia bila kuzunguka, "Mama, hizi kilo zitakuua."

Namna nilivyopungua haina maajabu. Soda na chipsi za jioni niliziacha. Chai ya vijiko vitatu vya sukari ikawa ya tangawizi. Ugali ukashuka nusu, maharage na mboga za majani zikapanda. Bajaji ya alfajiri nikaiacha, nikawa napanda kwa miguu kuelekea Iwambi, pembeni mwa barabara kuu, malori yakishuka kwa kuunguruma na mimi nikipanda kwa kuhema. Wiki ya kwanza nilihesabu nguzo tatu za umeme nikageuka. Baadaye nikaacha kuhesabu nguzo.

Kutoka 98 mpaka 80, mtaa mzima ulinipongeza. Nilipovuka 70 kushuka, pongezi zikakatika, maswali yakaanza. "Mama, unaumwa?" Wanaoniheshimu waliuliza hivyo. Wengine waliuliza kwa macho, wengine wakamuuliza binti yangu kisimani. Wifi yangu alikuja na sufuria ya ndizi za maziwa, akakaa mpaka nimemaliza sahani, akifuta machozi kwa ncha ya kanga kana kwamba amekuja msibani.

Sikuwalaumu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana Kagera mwaka 1983, na jirani zetu Waganda ugonjwa huo waliuita Slim, yaani wembamba. Huku kwetu nyanda za juu kusini umetuzika sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–2017 ulionyesha Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa mitatu iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU. Mtu wa umri wangu amewaona ndugu zake wakikonda kabla ya kuzikwa. Kwa hiyo mtu akikonda hapa, macho ya watu yanarudi makaburini kabla hayajamtazama yeye.

Ila macho hayo yana gharama. Kwenye kikoba chetu niliomba mkopo wa msimu, kiasi nilichozoea kupewa. Wakanijibu tusubiri mwezi ujao. Mwezi ujao wakasema tusubiri tena. Mwisho mmoja akanifuata pembeni: wenzako wanaogopa deni la marehemu.

Nilikwenda kupima VVU. Majibu yalikuwa salama. Nilirudi na karatasi kwenye mkoba, nikiwa nimeamua kuisoma mbele ya kikoba, kila mtu asikie. Nilipofika nikamwona rafiki yangu wa genge la jirani, ambaye jina nalificha, anayemeza dawa za kufubaza virusi kila siku kwa miaka mingi. Ana kilo zake 80, mashavu yamejaa, anabeba debe kichwani bila kushika. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaumwa. Ningesoma ile karatasi, ningekuwa nawaambia kwamba mimi ni msafi na yeye siye. Nikaiacha mkobani. Jioni ile nikaelewa kwamba mizani ya mtaa ni mbovu pande zote mbili: mimi mzima imenisoma mgonjwa, na yeye mwenye virusi imemsoma mzima.

Nikaamua kuifuata chati ya uzito ya ukutani hospitalini badala ya watu. Chati inasema uzito wa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, jibu liwe kati ya 18.5 na 24.9. Kwa urefu wangu mwisho ni kama kilo 64. Nikashuka mpaka 61 kwa ushindi.

Kisha Juni ikafika. Anayejua Mbeya anajua Juni na Julai, umande mweupe kwenye majani na watu wamevaa makoti ndani ya nyumba. Nilitetemeka mpaka mchana na sweta mbili. Nywele zilitoka na kitana. Nilikuwa naamka usiku nikiota ugali, na mchana nikiwagombeza vijana wa kupakia kwa kosa la kuhema. Kilima cha Iwambi nikawa napumzika mara mbili. Kilo zilikuwa nzuri kwenye chati, mwenye kilo akawa hoi.

Mtaalamu wa lishe niliyemwendea alikuwa dada mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Akanipa shikamoo, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanieleza mambo ambayo ningependa niyajue mapema. Hesabu ya chati ilitokana na kazi ya Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, si daktari, na alikuwa akimtafuta mtu wa wastani katika umati. Inafaa kwa kuchuja watu wengi haraka, lakini haijui misuli wala mafuta yamekaa wapi. Akaniambia hata kupungua sehemu moja ya kumi ya uzito tayari kunaisaidia presha na sukari. Akaniambia pia mwili uliopungua sana hupunguza matumizi yake na kuongeza njaa, unapigana urudi ulikotoka, hivyo zile hasira na ndoto za ugali hazikuwa udhaifu wa tabia. Akachukua futi. "Mama, kiuno chako kisizidi nusu ya urefu wako." Nusu ya 160 ni 80. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: ni kwa kilo ngapi ulipanda kile kilima vizuri kuliko siku zote?

Nililijua jibu. Ilikuwa Machi, kilo 66 na kitu. Presha ilikuwa imetulia hadi daktari akanipunguzia dozi, nilikuwa nakula nikashiba, nalala, na kiuno kilikuwa 80.

Mtu akiniuliza leo uzito wangu ni ngapi, simpi namba moja. Ukweli huu nilikuwa nao siku zote kwenye genge. Gunia la viazi lililopimwa jana leo limepungua, kwa kuwa viazi vinapoteza maji. Mvua ikilinyeshea, linazidi. Mfanyabiashara mwenye akili haapi kwa kilo kamili, anaacha nafasi ya kupanda na kushuka, na anajua likivuka wapi kuna tatizo. Nafasi yangu ni 65 mpaka 68. Nikifika 69 chai ya sukari imerudi kinyemela. Nikishuka chini ya 65 nimeanza tena kushindana na ukuta. Chati inaniita mnene kidogo, mtaa unaniita mwembamba kidogo. Wote wawili nawasalimia, napita.

Mume wangu ndiye alichelewa kukubali, kwa kuwa sifa ya kutunza ilikuwa yake pia. Sasa anapanda Iwambi nami Jumapili baada ya ibada, akilalamika njia nzima. Mkopo wa kikoba walinipa msimu uliofuata, bila karatasi yoyote.

Nilirudi kwa fundi na zile nguo. "Kata," nikamwambia, "lakini acha vidole viwili kila upande." Akacheka, akaweka pini mdomoni, akakata. Vipande vya kitenge amemshonea mjukuu wangu sketi.

Kila Jumamosi alfajiri, kabla malori ya Umalila hayajafika, napanda mizani ya viazi. Kijana wa sindano anasukuma kile chuma taratibu, anainama kusoma kwa tochi ya simu.

"Sitini na sita na nusu, mama."

"Shona."