Miezi Mitatu Badala ya Miaka Miwili

Nilizaliwa Kisaju, enzi ambazo ardhi kati ya Kitengela na Isinya ilikuwa malisho matupu, haijawekwa seng'enge. Nikachunga ndama, nikasoma, nikafika Kidato cha Tano. Huko nilimkuta mwalimu wa hisabati ambaye namfuata hadi leo nimestaafu.

Mada mpya hakuianzia ubaoni. Ijumaa alitupa sura tuisome. Jumatatu alimwita kila mmoja aonyeshe mstari alipokwama. Asiye na swali alirudishwa kitabuni.

Mfumo wa elimu wa Kenya wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliviondoa Kidato cha Tano na cha Sita; mtihani wa mwisho wa KACE, wa kumaliza Kidato cha Sita, ulifanywa 1989. Shahada ikaongezwa mwaka mmoja, lakini ile miaka miwili ya kujifunza kusoma peke yako haikurudi.

Pengo hilo ndilo nililoajiriwa kuliziba katika chuo kimoja cha Kitengela, kwa kozi ya maandalizi ya miezi mitatu. Wengi wa wanafunzi wangu walikuwa na C+ ya jumla kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ila D ya hisabati iliwafungia kozi walizozitaka. Mkuu wa idara alitaka tuwakaririshe karatasi za mitihani iliyopita. Nilikataa. Nilianza na sehemu, hesabu za shule ya msingi, kwa kuwa asiyejua kwa nini 1/2 na 1/3 huwa 5/6 hawezi kujumlisha 1/x na 1/(x+1). Kisha nikawapa sura wasome wenyewe.

"Mwalimu, si utuonyeshe tu?" walinung'unika. Mkuu naye alisema napoteza muda. Waliokaririshwa katika madarasa mengine walipita mtihani wa kozi hiyo, kisha kalkulasi ikawaangusha muhula wa kwanza. Wangu walinijia na maswali ya kalkulasi, kitabu wazi, kidole kwenye mstari. Hoja yangu ni hiyo, na siiachi.

Sasa 8-4-4 inaondoka. KCSE ya mwisho ni 2027. Gredi ya 10 ya mfumo mpya ilianza Januari 2026, na shule ya upili ina miaka mitatu. Nyinyi walimu vijana, msiimalize kwa mazoezi ya mitihani! Mpeni mtoto sura kabla ya somo, mvumilie ukimya wake, mdai swali. Anayeweza kusema amepotelea wapi yuko tayari kwa chuo, hata kabla hajapata jibu.