Mtambo wa Sauti na Masikio ya Mama

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Maneno hayo niliyaona yakitimia sebuleni mwangu tangu jioni ile ya mwezi wa Novemba, mwaka 2017, nilipoingia nyumbani kwangu Temeke nikiwa nimebeba begani mtambo mzito wa sauti ambao wauza vyombo vya umeme wa Kariakoo huuita risiva.

Ndugu msomaji, huenda jina hilo si la kila siku kwako, kwa hiyo yafaa nieleze. Risiva ni mtambo unaopokea sauti kutoka katika king'amuzi, deki ya DVD au chombo kingine, ukaikuza, kisha ukaigawa kwa spika zilizopangwa kukizunguka chumba. Moja hukaa kushoto, moja kulia, moja katikati karibu na televisheni, mbili huwa ubavuni au nyuma ya wasikilizaji, na kuna sabufa moja kwa ajili ya mngurumo. Mpangilio huo huitwa 5.1, yaani spika tano za kawaida na moja ya sauti nzito tupu. Asili yake ni majumba ya sinema. Mfumo wa Dolby Digital ulianza kutumika huko mwaka 1992, na baadaye ukaingia majumbani pamoja na DVD.

Kwa nini nilikitamani chombo hicho? Mimi ni mtoto wa redio. Nilikulia Korogwe, katika nyumba iliyokuwa na redio moja ya betri, iliyowekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Baba peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa, lakini msikilizaji hasa alikuwa mama. Alikuwa akichambua mchele huku ametega sikio, na asubuhi yake kisimani wanawake wenziwe walimzunguka awasimulie habari za dunia. Nilipokuwa mtu mzima, nikipata mshahara wangu mwenyewe, nilitaka nyumba yangu nayo iwe na sauti ambayo watu wangeizunguka.

Tatizo ni kwamba fedha nilizotumia zilikuwa na kazi nyingine. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya kubadilisha bati za jikoni, zilizokuwa zikivuja kila masika. Mke wangu aliutazama ule mtambo, akanitazama mimi, akasema kwa upole unaouma kuliko matusi, "Baba watoto, umetununulia ngurumo. Mvua yake ikija tutajifunika nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaona dawa ni kumwonyesha jinsi mtambo unavyolia. Nikachomeka waya ukutani, nikabonyeza. Ukatoa mlio mmoja tu, pa! Harufu ya kuungua ikajaa sebule nzima. Watoto wakakimbilia nje. Mke wangu akarudi jikoni bila kusema neno.

Fundi redio wa mtaani kwetu alipougeuza, alinionyesha kibandiko nyuma yake. Ulikuwa mtambo uliotumika kwanza Japani, na umeme wa majumbani kule ni volti 100, ilhali wa kwetu ni volti 230. "Namba hii imeandikwa wazi," alisema. "Wewe ulisoma namba ya bei tu." Kwa bahati njema fyuzi ilikatika mapema ikauokoa mtambo, na kilichoungua ni kifaa kimoja kidogo cha kuingizia umeme. Alikibadilisha, akaniagiza ninunue transfoma ya kuteremsha volti kutoka 230 hadi 100. Gharama ikaongezeka, na bati za jikoni zikazidi kuwa mbali.

Hatimaye ulilia. Ukweli usemwe, ulilia vizuri mno. Filamu za Jumamosi zilipigwa kwa nguvu hata vikombe vikatetemeka kabatini, na mimi nikajiona bwana mkubwa. Wiki ya tatu jirani yetu alibisha hodi. Yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku. "Shemeji," aliniambia, "mimi nalala mchana ili usiku nisimkosee mgonjwa dozi. Vita vyenu vya sinema vinapiganwa kitandani kwangu." Niliona haya. Tangu hapo nimejifunza kwamba sauti nzito haizuiliki kwa ukuta kama ilivyo sauti nyembamba. Wimbi la mngurumo wa mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu unaozidi mita 8, nalo huutikisa ukuta wenyewe ukawa kama ngozi ya ngoma. Sabufa nikaisogeza mbali na ukuta wa jirani na kuipunguza, lakini moyoni nilinung'unika kwamba mtambo wangu umekatwa ulimi.

Januari 2018, miezi michache baada ya baba kufariki, mama alihamia kwangu. Nilifurahi nikijua kwamba sasa nina msikilizaji wa kweli. Lakini mama huyu hakuwa yule wa Korogwe. Kila jioni aliketi nasi, uso wake ukielekea televisheni, kimya. Taarifa ya habari ilipokwisha hakuwa na la kusema, na mara nyingi aliomba ruhusa akalale kabla ya saa tatu. Watoto walisema, "Bibi hapendi televisheni." Mke wangu alidhani ni majonzi ya ujane. Mimi nilidhani ni uzee. Basi nikafanya alilolijua mwenye mtambo, nikaongeza sauti. Mama akaziba masikio kwa viganja viwili.

Nikaongeza sauti siku nyingine, naye akaziba tena. Ndipo nilipomwuliza, kwa hasira kidogo, Mungu anisamehe, "Mama, husikii, au kelele zinakuumiza? Ni lipi hasa?"

Akanijibu taratibu, "Mwanangu, kelele naisikia. Maneno ndiyo siyasikii."

Usiku ule sikulala. Nilimwendea yule muuguzi, akanieleza jambo ambalo kila mwenye mzazi mzee anapaswa kulijua. Uzee hauondoi sauti zote kwa pamoja. Kwa kawaida huanza na zile nyembamba, na konsonanti kama s, f, t na k hukaa huko. Sauti nene hubaki. Kwa hiyo mzee husikia kwamba mtu anasema, asijue anasema nini. Ukimwongezea sauti yote kwa jumla, unaongeza na muziki na ngurumo zinazoyafunika yale maneno.

Nikauendea mtambo wangu kwa nia nyingine. Katika risiva kila spika ina kipimo chake, na maneno ya filamu kwa sehemu kubwa hupitia spika ya katikati. Nilipoitafuta spika hiyo niliikuta imesukumwa ndani kabisa ya kabati, nyuma ya picha za harusi na maua ya plastiki! Miezi yote hiyo nilikuwa nimeziba kinywa cha mtambo na kupigia debe tumbo lake. Nikaitoa nje na kuielekeza kwenye kiti cha mama, nikaiongeza desibeli 5 na kuipunguza sabufa 8. Kwa kuwa habari huja kwa njia mbili tu, kushoto na kulia, niliwasha mfumo wa Pro Logic II, ambao huchukua sauti iliyo sawa pande zote mbili na kuipeleka katikati. Kuna na kitufe cha usiku, kinachopunguza tofauti kati ya mlio mkubwa na mdogo. Nacho nikakiwasha.

Jioni iliyofuata tulitazama habari kwa sauti ndogo kuliko siku zote. Ulipofika utabiri wa hali ya hewa, mama akanyanyua kichwa.

"Kumbe kesho mvua," akasema. Kisha akamgeukia mke wangu. "Na lile bati la jikoni mmekwisha litengeneza?"

Hakuna aliyejibu. Mke wangu aliinamia kitambaa chake akicheka bila sauti, nami nilitazama sakafu. Kumbe mama hakupoteza akili, wala hakutuchukia. Tulimwacha nje ya mazungumzo ya nyumba yake mwenyewe, tukamwita mzee. Mwisho wa mwezi ule bati zilibadilishwa, na mama nikampeleka hospitali. Alitolewa nta iliyoganda katika sikio moja, akapimwa, na baadaye akapata kifaa cha kusikilizia. Risiva haikumponya, ila ilitufumbua sisi.

Nyumbani tuna sheria mpya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80, na mtoto asizidi desibeli 75 kwa muda huo. Kwa hiyo tumeweka alama ambayo rimoti haivuki. Juu ya mtambo hatuweki kitambaa wala chungu cha maua, kwa sababu hupata joto na huhitaji hewa. Umeme ukikatika tunauchomoa, maana unaporudi huweza kuja kwa kishindo.

Leo mtambo wenyewe umezeeka. Maduka yanauza mipya yenye spika hata za darini, na wanangu hutazama filamu katika simu zao. Lakini saa mbili kamili usiku mjukuu mmojawapo hubonyeza kitufe tulichokihifadhia vipimo vile, tunachokiita "maneno ya Bibi." Jirani yetu muuguzi, anapokwenda zamu, hupitia kwetu akiwa tayari na mkoba begani. Yeye habari hazimkuti nyumbani. Basi husimama mlangoni dakika tano, na mama humsimulia.